Msaada: kijiji changu cha kubuni kinawezaje kukaa jirani na Sultani bila kumezwa?

FundiWaMbuyuni

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, meza yangu iko barazani karibu na soko la Mbuyuni. Umeme umekatika tangu saa tisa, ovaloki imekaa tu kama mgeni asiyeletewa chai, na sare za watoto wa watu ziko mezani nusunusu. Basi nikaona niulize jambo linaloninyima usingizi, maana humu najua kuna watu wa historia na watu wa bahari.

Nina hadithi. Nilianza kuwasimulia wanangu usiku taa zikizimika, baadaye nikawa naiandika kwenye simu na kuituma kwenye kundi la kikoba chetu, kila Jumapili kipande kimoja. Tumefika kipande cha 14. Inahusu kijiji kinachoitwa Mkomafi. Msihangaike na ramani, hakipo, nimekibuni. Ila kingekuwepo kingekuwa kwenye mdomo wa kijito kati ya Pangani na Saadani. Nyumba 60 na kidogo, msikiti mmoja wa mawe, visima viwili, kimoja kina maji ya chumvichumvi. Zama ni zile za Seyyid Said. Ameshahamia Unguja, karafuu zinapandwa, majahazi yake yanapita mbele ya kijiji asubuhi na jioni. Pwani yote inamlipa ushuru. Mkomafi hailipi. Hawana bendera yake, hawana liwali wake, wana jumbe wao mmoja mzee mbishi ambaye kazi yake kubwa ni kukohoa kabla ya kusema hapana.

Wiki iliyopita mume wa mwenzetu mmoja, mwalimu, akaandika chini ya kipande changu: "Fundi, hapa umetupiga kamba. Mwenye mizinga hashindwi na nyumba sitini. Weka mganga mwenye dawa ya nguvu, angalau tuelewe." Kina mama wakamwaga vicheko. Niliumia, si siri. Mganga simtaki. Nikishamweka, kila tatizo litaishia kwenye kibuyu, na hadithi za kibuyu nimezisikia tangu nazaliwa.

Pwani naijua kidogo. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Pangani, nilikwenda ukweni mara tatu, na nilichokiona huko ndicho kitambaa ninachokatia. Lakini vita sijui, na bahari naijua kwa kuisimamia ukingoni viatu vikiwa mkononi. Naomba mniambie: kitu gani cha kweli, kisicho dawa, kingemfanya Sultani akiache kijiji kama hiki? Na si kwa msimu mmoja, kwa miaka.

Tafadhali msinijibu "ujasiri". Watu wa Mkomafi si majasiri. Nimewashona mwenyewe na mshono wangu naujua. Mwaka jana nilikuta Kiborloni, kwenye lundo la mitumba, suruali niliyoipunguza mimi. Pindo langu huwa nalirudisha nyuma hatua tatu mwishoni. Nililitambua hata kabla sijaishika ile suruali.

MzeeWaBwawani

Marahaba mwanangu, nimeitikia kabla hujaniamkia.

Nimezaliwa Kipumbwi, kusini ya Pangani, hapohapo ulipokiweka kijiji chako. Siku hizi navua perege bwawa la Nyumba ya Mungu, maji yasiyojaa wala kupwa. Mtu wa bahari akiyatazama anahisi kama amewekwa mbele ya saa iliyosimama.

Huyo mwalimu hajawahi kupanda fungu na chombo. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa chukua kijito cha mikoko. Chombo chenye mizinga ni kizito, kinataka kina. Kitabaki nje ya mwamba, na kutoka huko risasi ya mzinga inaangukia kwenye mikoko, inaua kaa. Wakitaka kuingia watashusha mashua, na mashua zitaingia wakati wa maji kujaa tu. Wana saa mbili tatu za kuingia, kupigana na kutoka. Wakichelewa maji yanawakimbia, mashua inalala ubavu kwenye tope, na tope la mikoko si tope la shambani: linakumeza mpaka paja. Mtoto wa pale anapita juu ya mizizi kama kima. Askari mwenye viatu, panga na mfuko wa baruti, huyo umeshamwokota.

Halafu alama. Nahodha haingii mlangoni kwa kubahatisha. Anapanga vitu viwili vya nchi kavu, tuseme mnazi mrefu na pembe ya msikiti, vikikaa kwenye mstari mmoja ndipo anajua yuko kwenye mkondo. Siku jahazi la Sultani likionekana, jumbe wako akohoe, kisha akate ule mnazi. Hana haja ya bunduki hata moja.

Ila nikuambie ukweli, kijiji chako kina tundu. Bara hakuna maji ya kupwa. Umesema visima viwili, kimoja cha chumvi. Watu 100 wakija kwa miguu wakakaa juu ya kile kingine siku tano, hadithi imekwisha hata kikoba hakijakutana.

DerevaWaSakina

Salamu dada fundi, na shikamoo mzee. Naandika kutoka Arusha, naendesha watalii, na mwezi huu hakuna wageni kwa hiyo nina muda wa kusumbua watu.

Wageni wangu Wafaransa wanapenda sana katuni moja ya kwao, kijiji kidogo cha pwani kinachowagomea Warumi. Na kweli wao wameweka mganga na chungu cha dawa! Kwa hiyo ushauri wa mwalimu wako una wenyewe. Lakini kwenye pwani hiyohiyo, Brittany, kaskazini-magharibi ya Ufaransa, palikuwa na watu wa kweli, Waveneti, na kisa chao mimi nakiona kitamu kuliko dawa.

Vijiji vyao vilikaa kwenye ncha za rasi. Maji yakijaa, askari wa miguu hawafiki. Yakipwa, meli za Warumi zinakwama. Anayosema mzee hapo juu, Julius Caesar aliyapata usoni mwaka 56 kabla ya Kristo, na ameyaandika mwenyewe kwa uchungu: askari wake wanajenga kuta za kuzuia bahari, siku nyingi, mpaka wanafikia usawa wa kijiji, na hapo wenyeji wanapakia kila kitu kwenye vyombo na kuhamia rasi ya pili. Kazi inaanza upya. Vyombo vyao vilikuwa vya mbao za mwaloni, chini bapa ili vikae vizuri kwenye maji machache, matanga ya ngozi, na nanga zao zilifungwa kwa minyororo ya chuma mahali pa kamba.

Wakashindwa kwa kitu kidogo. Warumi walifunga ndoano zenye makali kwenye miti mirefu, wakazikamata henza, zile kamba zinazopandisha tanga, wakapiga makasia kwa nguvu mpaka zikakatika. Tanga likaporomoka. Na siku ile upepo nao ukakata, vyombo vilivyobaki vikasimama katikati ya bahari. Caesar akawaua wazee wao wote wa baraza na waliosalia akawauza utumwani. Kwa hiyo ukitaka mfano wa kijiji kilichoshinda milele, huko haupo.

Wa karibu nasi upo lakini. Siyu, kisiwa cha Pate, kule Kenya. Ni mji, si kijiji, mji wa mafundi: viatu, kazi za ngozi, useremala, watu wa kunakili misahafu. Unafikika kwa mkondo wa mikoko maji yakijaa. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said huyohuyo wako alipeleka jeshi, wakapigwa na watu wa Bwana Mataka, mkubwa wa Siyu. Siyu ilikuja kusalimu amri mwaka 1863, wakati wa mwanawe, Majid. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Na kitu kingine utakipenda wewe kama fundi. Upande huo wa Lamu walikuwa na mtepe, chombo ambacho hakina hata msumari. Mbao zimeshonwa kwa kamba za mnazi. Zimeshonwa, dada! Tanga lake mkeka.

Kahawa_Uru

Naona mmezama baharini kabisa na fundi yuko Mbuyuni, anauona mlima akigeuza shingo. Kwani lazima pwani? Muulizeni Mangi Rindi, mtawala wa zamani wa Moshi, namna ya kukaa na wakubwa.

Mwaka 1885 peke yake, mwaka mmoja jamani, alikuja Mathews, yule Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani Barghash, Rindi akakubali bendera ya Sultani. Hazikupita wiki nyingi akaja Mjerumani, Jühlke, Rindi akakubali na mkataba wa Mjerumani. Alimpokea kila mgeni, akachukua kila zawadi, na akawaacha wagombane wao. Na alikuwa anahitaji, maana juu kidogo hapa Kibosho kulikuwa na Mangi Sina anamkosesha usingizi. Alikufa mwaka 1891 kitandani kwake. Mwanawe Meli alichagua kupigana. Akawashinda Wajerumani mwaka 1892, mwaka uliofuata wakarudi wakamshinda, na 2 Machi 1900 wakamnyonga Old Moshi.

Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema jumbe wako anayesema hapana kila siku atachosha wasomaji. Mfanye aseme ndiyo kwa watu wawili wanaochukiana.

FundiWaMbuyuni

Shikamoo baba, yaani MzeeWaBwawani, samahani nilikuja na hodi bila salamu. Asanteni wote. Umeme ulirudi saa mbili usiku, nikashona mpaka saa sita, na muda wote kichwani nakata mnazi.

Kahawa_Uru, nilijua tu atatokea mtu wa Uru kuniambia nirudi mlimani. Mimi ni Mpare, mtani wangu, mlima nauangalia tu, wenyewe mmeukalia. Ila hilo la bendera mbili nalichukua, na sitalipia.

Sasa niwaambie kilichonitokea niliposoma habari ya henza. Wale watu walikuwa na minyororo ya chuma chini, wakauawa na kamba za juu! Nikaiacha sare ya mtu nusu mkono.

Ukweni Pangani, mama mkwe wangu alikuwa anafukia makumbi. Mara ya kwanza nilidhani anazika kitu kibaya. Maganda ya nazi wanayafukia kwenye tope la ufukweni, yanakaa miezi humo, maji yanakuja na kuondoka juu yake. Wakiyafukua yananuka, Mungu anisamehe, pua yangu ilitaka kurudi Same peke yake. Kisha wanayapigapiga kwa gongo mpaka unabaki usumba, wanauanika, wanasokota kwa viganja, au kwenye paja. Wanawake watupu, wanaimba, wanasemana. Vidole vya mama vilikuwa vigumu kama pembe. Alinifundisha akanicheka, kwa sababu mimi nasokota kwa kushoto, kamba yangu ilikuwa inageukia upande mwingine na ya wenzangu. Alisema ya kwangu haiwezi kuunganishwa na ya mtu, itafumuka.

Basi nimepata. Mkomafi wanasokota kamba. Kamba nzuri kuliko zote pwani. Majahazi ya Sultani hayaendi bila henza, bila kamba za nanga, na kila msimu zinachakaa, zinatakiwa nyingine. Akikichoma kijiji, nani atamsokotea? Watoto wake? Kwa hiyo kila akiwakasirikia, nahodha wake mkuu anamwambia, bwana, subiri kwanza tufunge mzigo wa msimu huu. Na msimu unapita. Hiyo inakaa?

MzeeWaBwawani

Inakaa, tena vizuri. Usumba haukimbii maji ya chumvi kama kamba nyingine, na unaelea. Kamba ya nanga ya usumba ina mvuto wake, wimbi likivuta inanyumbuka kidogo, haishtui chombo. Marehemu baba yangu kamba za dukani alizitumia kufungia mbuzi.

Lakini wauze kwa kaskazi. Kuanzia Desemba mpaka Machi majahazi kutoka Uarabuni yanakuwa yamejaa Unguja, yanasubiri kusi iwarudishe. Hapo kila nahodha anarekebisha chombo, bei inapanda. Usije ukawaandikia watu wanauza kamba mwezi wa sita kwenye mawimbi ya kusi, watu wa Kipumbwi tutakucheka.

Na kile kisima bado.

DerevaWaSakina

Kisima nina jibu, mzee, ila itabidi dada ahamishe kijiji kaskazini ya mto.

Zama zile bara ya pale kulikuwa na mtu mkubwa mwingine: Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, makao yake Vuga. Mamlaka yake yalishuka mpaka pwani. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852. Wakubwa wa vijiji vya pwani ya upande huo walikuwa wanatambuliwa na pande mbili, Kimweri na Sultani. Hapo bendera mbili za Kahawa_Uru unazipata bila kumwamsha Rindi. Jumbe anapeleka Vuga chumvi, samaki mkavu na nguo, Kimweri anasema huyo ni mtu wangu. Sultani akituma watu kwa miguu kukalia kisima, wanakuwa wamekanyaga nchi ya Kimweri, na Sultani pembe za ndovu zake zinapitia bara. Hataki ugomvi kwa ajili ya nyumba 60.

MzeeWaBwawani

Kijiji hakihami. Kusini ya mto kuna Wazigua, na Wazigua walipata bunduki wakati Kimweri bado anategemea heshima. Dereva, umesoma habari ya Saadani? Bwana Heri, mwaka 1882, alilipiga jeshi la Barghash. Saadani hapo, siyo Siyu. Akasimama peke yake mpaka Mjerumani alipokuja kupiga mizinga kutoka baharini. Abushiri, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889, Bwana Heri akaendelea porini na maboma yake ya miti mpaka Aprili 1890. Mkomafi waoe Uzigua, waozeshe Uzigua, kisima kitalindwa na mashemeji.

DerevaWaSakina

Sawa mzee, nimeshuka kwenye gari. Kijiji kibaki.

ChumviKavu

Nimesoma uzi wote, nimeufurahia, na samahani naharibu sherehe.

Bwana Heri, Siyu, Kimweri, bunduki za Wazigua, hayo yote yanasimama juu ya biashara gani? Mmetaja pembe za ndovu mara moja na mkapita haraka. Karafuu za Unguja alizosema fundi kwenye swali lake, nani alizichuma? Bonde la Pangani lilikuja kujaa mashamba ya miwa, nani aliikata? Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, Juni, kwa mkataba wa Barghash na Waingereza. Hadithi yako iko miaka 30 kabla. Misafara inashuka pwani kila msimu, na kijiji chako kinauza kamba. Kamba bora kuliko zote pwani. Kwa majahazi tu?

Sisemi usiandike. Mimi ni mtu wa Pangani pia, bibi yangu hakuwahi kuniambia asili ya bibi yake, na alikuwa na sababu. Lakini mmeshinda siku tatu mnatafuta namna kijiji kinavyobaki huru, hakuna aliyeuliza nani mwingine alikuwa anatembea kwenye ile njia.

Kahawa_Uru

Aisee. Hapo hata mimi natulia. Na mlimani tusijisafishe, mateka wa vita vya mangi na mangi walishuka kwa njia hiyohiyo.

MzeeWaBwawani

Binti, umesema kweli, ingawa imeniuma. Kamba za kwetu zilikuwa za bahari, ndivyo tulivyoambiwa. Sikuwahi kuuliza zaidi ya hapo na sasa wa kumuuliza hayupo.

FundiWaMbuyuni

Nimenyamaza siku mbili, msidhani nimesusa. Nilisusa siku moja, ya pili nilikuwa na kazi.

ChumviKavu, mdogo wangu, nilikukasirikia kweli. Nilisema huyu hajui kazi ya kusimulia, mtu umejenga nyumba yako vizuri anakuja kukuonyesha kaburi sebuleni. Nikamsomea mwanangu mkubwa ulichoandika, yuko kidato cha pili. Akaniuliza, "Sasa mama, wao walikuwa wanajua?" Nikamwambia kalale. Swali likabaki na mimi mezani.

Mtu anayeuza kamba anajua nini? Mimi nashona suruali, anayeivaa akienda kuiba nitajua? Lakini hiyo ni hoja ya kukwepa, kwa sababu suruali moja ni suruali moja. Mkomafi wanauza mizigo na mizigo. Na majahazi yanahesabika, yanapita mbele ya macho yao. Mahali fulani lazima mtu mmoja, mwenye hesabu, aliona kamba zinazonunuliwa ni nyingi kuliko matanga. Nadhani jumbe anajua. Nadhani ndiyo maana anakohoa.

Nimeandika kipande cha 15 jana usiku. Sikiweki chote humu, kina mama wa kikoba watasema nimewasaliti, ila kiko hivi. Kuna mwanamke anaitwa Mwanamkuu, yuko tangu kipande cha kwanza, anasokota kwa mkono wa kushoto na wenzake wanamcheka kwamba kamba yake haiungani na ya mtu. Kwa hiyo ya kwake huuzwa peke yake, vipande vifupi vya pima mbili tatu, bei ya chini, na yeye hajawahi kujiuliza nani ananunua vipande vifupi. Anakwenda Pangani kumpelekea dada yake dawa ya kifua. Njiani, chini ya mkwaju, msafara umepumzika. Watu wamekaa. Hatazami, kwa sababu amelelewa kutotazama. Lakini kuna mtoto wa kike, kama miaka tisa, anajikuna shingo, na mkono unapopita, Mwanamkuu anaiona kamba inavyogeukia kushoto.

Mlinzi amelala. Mwanamkuu anachuchumaa, anashika fundo. Kipande kinaishia vidole vyake viko kwenye fundo.

Nimekituma saa tano usiku. Mpaka asubuhi hakuna aliyecheka. Mwalimu ameandika neno moja: "Halafu?" Na mimi sijui. Akilifungua, mtoto atakwenda wapi, na Mkomafi itafanywaje Sultani akisikia watu wake wanafungua mali za wenyewe? Na asipolifungua sijui nitaendeleaje kumwandika. Nina sare 11 za kumaliza kabla ya Jumatatu. Kama kuna mwenye wazo nasoma, ila nitachelewa kujibu.

MzeeWaBwawani

Mwanangu, kitu kimoja tu, cha kamba. Umesema msafara umefika karibu na Pangani, basi wamevuka vijito, na mtoto ana jasho shingoni. Fundo la usumba likishalowa na kukauka na kulowa tena halifunguki kwa vidole, hata viwe vigumu kama vya mama mkwe wako. Hukatwa. Mpe kisu kuanzia anapotoka nyumbani, cha kumenyea muhogo, asionekane amekiokota njiani.